Cheni bloki inateremka yenyewe injini ikiwa hewani: niendelee kuitumia?

Fundi wa Jomvu

Asalaam aleikum, wazee wangu na mafundi wenzangu. Nina karakana ndogo ya malori hapa Jomvu, Mombasa, na kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikinyanyua injini kwa cheni bloki, yaani kapi ya mnyororo ya kunyanyulia mizigo, ya tani moja niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Wiki iliyopita tulikuwa tukitoa injini ya silinda sita, ambayo kitabu chake kinasema ina kilo 870, na kila nilipoacha kuvuta mnyororo wa mkono, injini ilishuka kiasi cha vidole viwili kabla ya kushika. Kijana wangu alikuwa ameinama chini yake akitafuta boliti iliyoanguka. Nilipiga ukelele akatoka. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini tangu siku ile silali vizuri.

Jirani yangu anasema imekauka tu, niimiminie oili kwenye kasha lake. Je, ushauri huo ni sahihi? Niongeze kwamba nimeitundika kwenye boriti mbili za mkoko zilizofungwa pamoja, kama zile za dari za nyumba zetu za zamani.

Mzee wa Kilindini

Waaleikum salaam, mwanangu. Nakuomba usitie oili, na usiinyanyulie kitu chochote mpaka ifunguliwe. Nimefunga na kunyanyua mizigo kwa miaka mingi, na kapi inayoteleza vidole viwili leo siiamini kesho hata kidogo.

Elewa kwanza breki yake inavyofanya kazi. Gurudumu linalovutwa na mnyororo wa mkono limekaa juu ya mhimili wenye skrubu. Unapopandisha, gurudumu hilo hujikaza kwenye skrubu na kubana vibati vya msuguano kwenye pande mbili za gurudumu la meno, na vyote vikazunguka pamoja. Ukiacha kuvuta, mzigo hutaka kuurudisha mhimili nyuma, lakini kadiri mzigo unavyovuta ndivyo skrubu inavyozidi kuvikaza vibati, huku kipingo kilichoingia kwenye meno kikizuia gurudumu lisirudi. Yaani mzigo unajishikilia kwa uzito wake wenyewe. Vibati hivyo vinategemea ukavu. Ukivilowesha oili, umeondoa kitu cha pekee kinachoizuia injini isimwangukie mtoto wa watu.

Isikilize pia. Wakati wa kupandisha lazima usikie kipingo kikiruka juu ya meno, tik, tik, tik, bila kukatika. Wakati wa kushusha huwa kimya, kwa sababu gurudumu la meno limesimama. Ikiwa inapanda kimya, au mlio unakuja na kupotea, basi springi ya kipingo imechoka au grisi iliyoganda imekinasa.

Mhandisi wa Tudor

Naungana na Mzee kuhusu breki, nami niseme juu ya boriti, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Boriti za mkoko katika nyumba za Mji wa Kale hupangwa karibu karibu, na uzito wa mawe na chokaa husambaa juu yake zote. Wewe umeweka mzigo wote katikati, mahali pamoja, na mzigo uliowekwa hivyo huleta nguvu ya kuipinda boriti mara mbili ya mzigo uleule uliosambazwa kwa urefu wake. Tena boriti haibebi injini peke yake, bali pia kapi yenyewe na nguvu ya mtu anayevuta. Tafuta boriti ya chuma iliyopimwa na mtu anayejua hesabu hizo, au stendi ya mabomba ya miguu mitatu ambayo miguu yake imefungwa mnyororo chini ili isitanuke kwenye sakafu yenye oili.

Angalia na kamba za waya unazofungia injini. Zikiachana kwa nyuzi 120 pale kwenye kulabu, kila moja inabeba kilo 870 nzima, wala si nusu yake kama wengi wanavyodhani. Zirefushe ili pembe ipungue.

Mnyororo wa mzigo nao uupime kwa venia, kile kipimo cha unene: pete ya milimita 6 ikishalika hadi 5.4, mnyororo huo umekwisha. Usiuunge kwa kuchomelea, maana moto huharibu ugumu wa chuma chake. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka vifaa vya kunyanyulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Karakana ndogo haikusamehewa.

Nahodha wa Mtongwe

Kwetu chumvi ndiyo adui. Mnyororo wa mzigo, huo ndio wa kupaka oili nyepesi, kwa kitambaa, pete kwa pete, na kapi ilale ndani isilale nje kwenye upepo wa bahari. Jambo jingine: henza, kamba ya kupandishia tanga la jahazi, huvutwa na watu wengi kwa wimbo, lakini kapi ya tani moja huvutwa na mtu mmoja tu, kwa nguvu ya kilo 30 hivi. Akishindwa, asiitiwe wa pili, kwani ama mzigo umezidi au kuna kitu kimekwama.

Fundi wa Jomvu

Nawashukuru sana. Jana tuliifungua, na vibati vilikuwa vimelowa oili nyeusi. Bila shaka mwenye kapi wa kwanza alipewa ushauri kama niliopewa mimi. Springi ya kipingo nayo ilikuwa imelegea. Nimeagiza vibati na springi mpya, na boriti za mkoko nimekwisha kuzishusha. Nikishaifunga tena, niijaribu vipi?

Mzee wa Kilindini

Afadhali, mwanangu. Nyanyua kwanza mzigo mdogo, kisha injini yenyewe, sentimita 10 tu kutoka chini, na watu wote wakae mbali. Piga mstari wa chaki kwenye pete ya mnyororo wa mzigo pale inapoingilia kwenye kasha, uache kwa dakika kumi. Mstari ukiwa umesogea hata unene wa kucha, shusha uifungue upya.