Tupeane uzoefu: amri ikigongana na katiba ulifanyaje?

Wakuu salama? Waliovaa gwanda na raia pia karibuni. Siku ya kiapo kila mtu ana sauti kubwa, kazi inakuja pale afande anaposema fanya hiki na wewe unajua kabisa sio halali.

Naanza mimi, mstaafu wa jeshi. Depo mkufunzi alitupa kisa cha My Lai, Vietnam, 16 Machi 1968, wanajeshi wa Marekani wanaua raia, rubani wao wenyewe Hugh Thompson akatua na helikopta katikati akawaambia wapiga bunduki wake, "wenzetu wakiwafyatulia hawa raia, wafyatulieni hao wenzetu". Wakaokoka watu pale. Kuna wakubwa walimuona msaliti, medali ya ushujaa kwa tendo lile lenyewe aliipata 1998! Miaka baadae tukaambiwa kwa mdomo tu tukatawanye wananchi waliokaa kwa amani, kamanda wetu akajibu naomba amri kwa maandishi na jina la aliyeitoa. Karatasi haikuja, tukabaki kambini.

Mdau 2: Mimi raia, nilikuwa wakala kituo cha kura. Mkubwa mmoja wa chama akamwambia askari wa mlangoni watoe hawa mawakala, kijana akasimama wima, "mzee, mimi hapa ni ulinzi, wa kumtoa mtu ni msimamizi wa kituo". Alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Tuliohesabu kura mpaka mwisho tunamdai shukrani yule.

Mdau 3: Mwanangu yuko jeshini ndo maana ile ya Korea Kusini 3 Desemba 2024 niliifuatilia mwanzo mwisho, rais katangaza utawala wa kijeshi usiku, wananchi wakajaa getini bungeni na baridi ile, wabunge wengine wakaruka ukuta, ndani ya masaa machache wabunge 190 wakapiga kura ifutwe na hakuna aliyepinga, na askari wengi walionekana kabisa hawataki kuumiza watu. Nikampigia mwanangu akaniambia mama, raia anayejua katiba anatusaidia sana sisi, akinyamaza tunabaki peke yetu na amri. Basi kikundi chetu cha akina mama tunasoma ibara mojamoja kila tukikutana, tumefika kwenye haki za raia na ubishi wake sio wa kitoto.

Mleta mada: Asante mama. Waliowahi kusimamia uchaguzi mko wapi, shusheni na ya kwenu.