YAH: Kuna aliyewahi kwenda kwa mshauri nasaha baada ya msiba?

Ndugu zangu,

Naandika saa tisa usiku, saa ambayo siku hizi ndiyo ya kuamka kwangu. Miezi minne iliyopita mdogo wangu alifariki kwa ajali ya gari. Kabla mtu yeyote hajanipigia, kuna aliyekuwa ameshatuma picha ya gari kwenye grupu la ukoo, nami nikalitambua kwa kitambaa cha kiti. Sikuweza kusafiri. Mazishi niliyafuatilia kwenye simu, na wakati jeneza linashushwa aliyeshika simu alisukumwa, nikabaki kuona mabega ya watu na mbingu. Udongo niliusikia tu.

Kazini nakwenda, na wenzangu wanajua niko sawa. Lakini ile picha inanijia nikiwa nimesimama kwenye taa za barabarani, na breki ikilia mbali nashtuka mwili mzima. Kuendesha nimeacha. Mke wangu ananisihi nimtafute mshauri nasaha. Nimekuwa nikimjibu kwamba mimi si mgonjwa wa akili, nimefiwa, na kusali nasali. Wiki hii nimegundua hata sala siimalizi.

Kuna aliyewahi kwenda? Humo ndani wanakufanya nini? Ukiwa ugenini, unaanzia wapi? Na je, utakayoyasema hayafiki kwa mwajiri au uhamiaji?

— — —

Kaka, pole sana. Ningekuwa karibu ningekuja nikae nawe tu, bila neno.

Mimi nilifiwa na mwanangu miaka sita iliyopita, nikiwa huku huku. Nilikaa mwaka na zaidi kabla ya kwenda, na kila nikikumbuka muda ule naumia. Kwa hiyo nitakueleza kinachotokea humo ndani, maana hilo ndilo lililonitisha na mimi.

Mshauri wa kwanza hakunifaa. Alinipa karatasi yenye hatua tano za huzuni, akaniuliza nimefika ya ngapi. Nilirudi nyumbani nikijiona hata kulia nakosea. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hatua zile alizieleza Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakielekea kufa wenyewe. Hazikukusudiwa kuwa madarasa ya kumpandisha mfiwa, akishindwa moja arudie. Lakini wakati ule sikujua, nikaacha, nikasema haya mambo hayanisaidii. Miezi mitatu ilipotea hivyo. Kumbe aliyenishinda alikuwa mtu mmoja tu.

Wa pili alikuwa na chumba kidogo, viti viwili vimewekwa mshazari ili usilazimike kutazamana naye. Kikao dakika 50. Siku ya kwanza aliniuliza jina la mwanangu linavyotamkwa, akalirudia mpaka likakaa sawa mdomoni mwake. Kaka, ilikuwa imepita miezi hakuna mtu aliyelitaja mbele yangu. Watu walilikwepa kwa kunihurumia. Nililia mpaka muda ukaisha, na hakunisogezea hata tishu. Boksi lilikuwa pale pale, nikachukua mwenyewe nilipokuwa tayari.

Hakunilazimisha kusimulia. Wiki za mwanzo tulishughulika na mwili: namna ya kupumua pumzi ndefu, kukanyaga sakafu kwa nguvu, kutaja kwa sauti vitu ninavyoviona pale kumbukumbu inaponivuta. Usingizi pia. Ndipo tukaanza. Alinitaka nifumbe macho, niisimulie siku ile kana kwamba inatokea sasa hivi, akarekodi, nikapewa niende kuisikiliza nyumbani. Mara ya kwanza niliizima katikati. Nilichokuwa nakikumbuka ni mlio wa mashine na mimi kutolewa chumbani, na nilikuwa naamini kabisa kwamba mwanangu alikata roho peke yake. Baada ya kurudia mara nyingi, nikajisikia nasema, "vidole vyake vilikuwa vya baridi." Nikanyamaza. Nilijuaje? Nilijua kwa sababu nilikuwa nimemshika. Nilitolewa baadaye. Mwaka mzima nilikuwa nairuka sehemu ile.

Siwezi kukuambia huzuni imekwisha. Ila sasa namkumbuka na mambo mengine, namna alivyokuwa akicheka, si mlio wa mashine peke yake.

Na lugha isikuogopeshe. Nilipokwama aliniambia niseme kwa Kiswahili hata kama haelewi, kisha nimfafanulie polepole. Nikamweleza kwamba uchungu wa kuzaa na uchungu wa kufiwa kwetu ni neno moja. Aliliandika kwenye daftari lake, na tangu siku hiyo akawa analitumia.

— — —

Kaka, pole. Dada, asante kwa kufungua moyo wako.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Siwezi kukupima kwa barua, ila kuna mambo nataka uyajue kabla hujapiga simu.

Wengi waliofiwa hawahitaji tiba. Wanahitaji watu, muda na mahali pa kulia. Lakini ulivyoeleza (picha inayokuja bila kuitwa, kushtuka, kuamka usiku, kuacha kuendesha) vinatajwa sana kwenye kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha, na vikipita mwezi mmoja havipunguki, hapo mtu aonwe na mtaalamu. Wewe una minne. Najua kuna watu watakutajia miezi sita. Ni kweli, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la ICD-11 lililoanza kutumika 2022, inataka angalau miezi 6 kabla ya kuita hali fulani huzuni ya muda mrefu isiyopungua, na mwongozo wa Wamarekani wa mwaka huo huo unataka miezi 12 kwa mtu mzima. Hizo ni tarehe za kutoa jina la ugonjwa. Mlango unaugonga siku yoyote.

Anzia kwa daktari wako wa kawaida, akupe rufaa. Kama uko chuoni, vyuo vingi vina washauri wao. Waajiri wengi hulipia vikao kadhaa kupitia watu wa nje, na kwa kawaida majina ya waliohudumiwa hayarudi kwa mwajiri, ila uliza kwanza. Hospitali na vituo vya kuhudumia wagonjwa mahututi mara nyingi huwa na huduma kwa wafiwa. Ulizia kama wanapokea hata ambaye ndugu yake hakufia pale.

Ukipiga simu usiseme tu "nina huzuni." Sema: "Ndugu yangu alikufa ghafla, picha za ajali zinanirudia, nimeacha kuendesha." Kisha uliza: una leseni ya nchi hii? Umewahi kutibu kiwewe pamoja na msiba? Unatumia njia gani? Kwa kiwewe, Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilipendekeza tiba ya fikra na tabia iliyolenga kiwewe, na ile iitwayo EMDR ambayo unakumbuka tukio huku macho yakifuata mwendo wa mkono. Anayekosa jibu lolote hapo, mshukuru utafute mwingine. Nasisitiza leseni kwa sababu kuna nchi ambako yeyote anaweza kujiita mshauri. Na ukitaka mtu wa nyumbani kwa njia ya video, sehemu nyingi sheria huangalia mgonjwa amekaa wapi, kwa hiyo naye aulizwe kama anaruhusiwa.

Kuhusu siri: kwa kawaida unayosema hayatoki bila idhini yako, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Mwombe akuoneshe masharti hayo kwa maandishi kabla hujaanza. Ukihitaji mkalimani, kamwe asiwe mwanao. Omba wa kwenye simu, aliye mbali na jamii yetu. Sisi huku tunajuana mno.

Dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi usizifanye kimbilio. Shirika la Afya Duniani linashauri aliyefiwa asipewe zile za jamii ya diazepam kwa sababu ya msiba tu.

Na ukiona mawazo yanageuka kuwa ya kutaka kumfuata mdogo wako, usingoje miadi. Piga namba ya dharura ya nchi uliyopo, au mwamshe mke wako, usiku huo huo.

— — —

Mimi ni kiongozi wa dini. Kaka, kusali na kwenda kwa mtaalamu havigombani. Waumini wamenijia na msiba wa namna hii, na niliowasindikiza mpaka mlangoni kwa mshauri hawakupungukiwa imani. Sala isiyomalizika imeshasikiwa. Ukitaka mtu wa kukaa nje kukusubiri, niandikie.

— — —

Ndugu zangu, nimewasoma wote, zaidi ya mara moja.

Leo nimepiga simu kutoka stoo ya kazini, mlango nimeufunga. Nilisema yale maneno kama muuguzi alivyoyaandika, nikiyasoma kwenye karatasi, na sauti ilikatika kwenye neno "ghafla". Mama aliyepokea alisubiri. Hakuniharakisha. Wa kwanza niliyepewa jina lake alikuwa hajawahi kutibu kiwewe, alisema mwenyewe, akanielekeza kwa mwingine. Huyo ana nafasi baada ya wiki tatu, na wamenitia kwenye orodha ya kuitwa mapema mtu akiahirisha.

Mke wangu ndiye atakayeendesha. Mzee, ukiweza kuja kukaa naye pale nje nitashukuru. Na dada, nimeshaandika jina la mdogo wangu kwenye karatasi, kwa mikato, ili mshauri alitamke vizuri.