Kasha la tepu na dai za BSW: dai isiyo na maandishi nitaitambuaje?

fundi_gungu (Kigoma)
Habari zenu wakuu. Baba mdogo, fundi mstaafu wa reli, kaniachia kasha la mbao la tepu na dai za kukatia hesi (meno ya skrubu): tepu hukata ndani ya tundu, dai hukata juu ya fimbo ya chuma. Kila kipande kina kitundu chake, na kipimo kimegongwa kwenye mbao: 1/4, 5/16, 3/8, 7/16, 1/2, zote BSW, yaani hesi za Whitworth za Kiingereza, za inchi. Tepu ni tatu tatu: ya kuanzia, ya kati, ya kumalizia. Zilizopotea ni dai ya 3/8 na tepu ya kumalizia ya 7/16. Kwenye maduka ya mtaa wa Mwanga zipo seti mpya za milimita, zinang'aa, ila humu hazikai. Nataka kasha lijae vya kwake.

Sasa, kwa wanunua skrepa nimeona dai mbili za mviringo, kutu tupu, maandishi hayasomeki. Jamaa kaniambia vya reli huku ni vya Mjerumani, hivyo ni milimita. Kweli?

mzee_isevya (Tabora)
Huyo jamaa mwache. Reli ilifika Kigoma 1914 mikononi mwa Mjerumani, sawa, lakini enzi zile Wajerumani wenyewe walitumia sana hesi za Whitworth, inchi kabisa.

Nenda na dai yako ya 5/16 na venia (kipimo cha taya cha mafundi). Pima kwanza kipenyo cha nje, ulinganishe na cha dai yako, maana dai zilitengenezwa za inchi 13/16, 1, 1 5/16 na kuendelea. Kikipishana hapo, dai haikai kwenye kishikio chako hata kama hesi ndiyo yenyewe. Watu hulisahau hilo, wanakimbilia tundu.

Kisha itumie kukata hesi kwenye chuma laini, uhesabu meno ndani ya inchi moja. 3/8 BSW ni 16, BSF, ndugu yake wa meno madogo, ni 20. Mtego ni UNC ya Kimarekani: 3/8 yake nayo ni 16! (Kwenye 1/2 wanaachana, 12 kwa 13.) Kinachowatenganisha ni pembe: Whitworth digrii 55 na vilele vya mviringo, Mmarekani 60. Weka geji ya meno ya digrii 55 kwenye hesi uliyokata, uielekeze juani. Mwanga ukipenya ubavuni mwa meno, irudishe.

binti_karakana
Kutu usiiondoe kwa grainda tafadhali. Dai za zamani nyingi ni chuma cha kaboni, zikipata moto hadi rangi ya bluu makali yamekufa. Ndoo ya plastiki, maji, magadi soda, chaja ya betri: hasi kwenye dai, chanya kwenye kipande cha chuma cha kutupa, kisiwe chuma cha pua. Fanyia nje, inatoa gesi inayowaka. Baadaye brashi na oili. Mara nyingi maandishi yanajitokeza hapo.

spana_mkononi
7/16 mnahangaika bure. Chukua tepu ya kati, isage ncha taratibu ukiipoza kwa maji, tayari ni ya kumalizia.

mzee_isevya
Kwa kazi, naam. Kwa kasha lile, hapana bwana.

fundi_gungu
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Jumamosi narudi kwa skrepa na venia. Nina dai ya 1/4 BSW ya ziada, kipenyo cha nje inchi 1. Mwenye tepu ya kumalizia ya 7/16 tubadilishane.