Mama akipiga mwayo mkono uliopooza unanyanyuka. Nani anaunyanyua?

Fundi wa Makorora

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Tanga, si msomi, mtanivumilia.

Mama yangu alipata kiharusi mwezi wa Ramadhani, upande wa kulia wote ukalala. Mguu umeanza kurudi, anaburuta hadi uani. Mkono bado. Zamani alikuwa msukaji wa ukili, vidole vinakwenda huku yeye anapiga soga na macho yako barabarani. Sasa anakaa mkekani, anautazama mkono uliolala pajani, ananiambia, "Nauambia njoo, hausikii." Anakaza uso mpaka jasho linamtoka. Hata kidole hakitikisiki.

Juzi baada ya alfajiri akapiga mwayo, ule mrefu wa usingizi. Nikaona mkono ule ule unapanda wenyewe, kiwiko kinajikunja, unafika usawa wa kifua. Mwayo ulipokwisha, ukashuka taratibu. Nikapiga kelele, "Mama, umeunyanyua!" Akasema, "Si mimi."

Neno hilo limeninyima usingizi. Kwenye pikipiki ukivuta mkono wa klachi, kebo inavutika, klachi inaachia. Kebo ikikatika utavuta hadi kesho. Sawa, kebo ya mama imekatika, hilo naelewa. Lakini mimi klachi naishika kwa vidole. Roho ya mama haina vidole wala uzito, ilikuwa inaishikaje kebo? Na huo mwayo umepita wapi?

Mnyoosha Viungo

Pole sana fundi, mfikishie na mama pole zangu. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, na wagonjwa wa kiharusi ndio ninaoshinda nao. Ulichokiona kinajulikana, madaktari wamekiandika. Amri ya kunyanyua mkono wa kulia hutoka upande wa kushoto wa ubongo, inashuka, na chini kabisa, kabla ya kuingia uti wa mgongo, nyuzi zake nyingi zinavuka kwenda upande wa pili. Kiharusi kimeikata njia hiyo huko juu. Mwayo hauanzii huko. Unaendeshwa na shina la ubongo, chini ya palipokatika, na yaelekea unateremka kwa njia nyingine hadi kwenye neva zile zile za mkono. Kebo ziko zaidi ya moja.

Usiuhesabu mwayo kuwa ndiyo kupona. Na majirani wakianza kusema kuna kitu kimempanda, waambie ni mwayo. Jaribu kioo: kisimamishe katikati ya mikono yake, uso wa kioo uelekee mkono mzima, mgonjwa ukae nyuma. Achezeshe ule mzima huku anatazama kioo, aone kama wa kulia ndio unaocheza. Kila siku, bila kumchosha.

Msomaji wa Usiku

Fundi, swali lako la kebo liliulizwa Mei 1643 na binti wa miaka 24, Elisabeth wa Bohemia, aliyekuwa akiishi uhamishoni The Hague baada ya baba yake kunyang'anywa ufalme. Alimwandikia René Descartes, Mfaransa aliyeshikilia kwamba mwili una urefu na upana, na nafsi inafikiri tu, haijazi nafasi yoyote. Elisabeth akamwuliza: kitu kinasukumwa kwa kuguswa, kugusa kunataka uso, yaani sehemu ya nje inayogusika, na nafsi haina uso. Inausukumaje mwili?

Descartes akamjibu kwa mfano wa uzito: tunaona uzito unalishusha jiwe, na hatudhani kuna uso unaogusana na uso. Binti hakuridhika. Alimrudishia kwamba kwake ni rahisi zaidi kukubali nafsi nayo iwe kitu chenye umbo, kuliko kukubali kwamba kisicho na umbo kinaweza kuusukuma mwili. Naipenda barua hiyo. Analaumu ujinga wake mwenyewe kwa adabu zote, huku amemkaba mwenzake koo. Baadaye, katika kitabu cha 1649, Descartes akayaweka makutano ya nafsi na mwili kwenye kitezi kimoja kidogo katikati ya ubongo. Kwa lugha ya gereji, alionyesha kebo inakoanzia. Kidole kinachoivuta hakukionyesha.

Jiwe Kavu

Mnazunguka bure. Roho hakuna. Ni umeme na kemikali, umeme umekatika, basi.

Fundi wa Makorora

Mkuu, hata mimi napenda jibu fupi. Lakini mwayo nao ni umeme, na mkono ulipanda kweli. Mbona mama anajua kwamba huu si wake?

Msomaji wa Usiku

Wilder Penfield, mpasuaji wa ubongo kule Montreal, alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, akigusa ubongo kwa umeme mdogo. Mkono ukicheza, wagonjwa walimwambia si wao, ni yeye daktari. Kama mama yako na mwayo. Penfield akazeeka akiegemea upande wa kuwa nafsi ni kitu mbali na ubongo. Mimi sifiki huko. Jiwe Kavu angeweza kusema ubongo unalinganisha amri uliyoitoa na mwendo uliotokea, na kwenye mwayo haukukuta amri yake. Angesema hivyo kama asingekuwa na haraka.

Ustadhi wa Barazani

Nyote mmeanza na kwamba kugusana tunakuelewa. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, alikataa hata hapo. Alisema tunaona pamba inakutana na moto, kisha inaungua. Kwamba moto ndio uliounguza, hilo jicho halijaliona. Limeona hiki, kisha kile, kwa ada, yaani desturi, aliyoiweka Mola. Kwa hiyo fundi, hata kidole chako na klachi ni ada uliyoizoea. Mama miaka yote alikuwa anataka, na mkono unakwenda. Muulize kama aliwahi kuuhisi huo uzi kati ya kutaka na kwenda.

Fundi wa Makorora

Ustadhi, nimemuuliza. Amefikiri kwa muda mrefu. Amesema hapana, alipokuwa anasuka hata mkono alikuwa hausikii, alikuwa anausikia ukili. Mkono ameujua siku ulipokataa.

Kioo nimeng'oa cha mlango wa kabati, nikakiegemeza kwa matofali mawili na khanga isiteleze. Amekunja ngumi ya kushoto, akaona ya kulia inajikunja. Akacheka, "Mwongo huyo." Ila ni nusu saa sasa naandika hapa pembeni yake, na bado anakunja na kukunjua.