Mjadala: Mibungo na ndugu zake wa utomvu mtaani, tufyeke au tuiache?

Mtoa mada:
Wadau, salaam. Jumamosi ya usafi iliyopita, mtaani kwetu pembezoni mwa Dar, korongo lote lilifyekwa mpaka udongo mwekundu ukabaki wazi. Mle ndani kulikuwa na mbungo mkubwa uliokuwa umeparamia mkwaju, na pembeni yake mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo, ule ambao matunda yake yana miiba laini na yakipasuka hutoa sufi nyeupe. Vyote vikachomwa moto. Nilipouliza, nikajibiwa: hayo ni magugu, tena yana sumu. Mimi nasema tumekosea, na nipo tayari kupingwa.

Juisi ya mabungo tunaipenda sana hapa mjini, lakini wengi hawajawahi kuuona mmea wenyewe. Kitaalamu unaitwa Saba comorensis, nao hauwezi kusimama peke yake. Hupanda mti mwingine hadi kileleni. Ni ndugu wa Landolphia kirkii, mmea uliotoa mpira wa porini uliosafirishwa kutoka pwani hii karne ya 19, kabla mashamba ya Asia hayajaizima biashara ile. Hilo jina kirkii ni la John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar. Familia yao ni Apocynaceae, yenye spishi zaidi ya 4,000 duniani, na nyingi ukizikata hutoa utomvu, mara nyingi mweupe kama maziwa.

Sasa angalieni. Ndugu wa porini tunawachoma, kisha tunakwenda kwa wauza miche barabarani kununua ndugu zao wa kigeni. Alamanda ya njano imetoka Amerika ya Kusini. Oleanda, ambayo sumu yake inajulikana dunia nzima, tunaipanda kwenye bustani na hakuna anayelalamika. Kile kiua cha waridi na cheupe kinachoota hata kwenye nyufa za saruji, Catharanthus roseus, asili yake ni Madagaska, na kutoka humo madaktari walipata vincristine na vinblastine za kutibu saratani. Kingefyekwa kwao kabla ya kuchunguzwa, tungekosa dawa hizo.

Halafu kuna kipepeo. Yule wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, Danaus chrysippus. Hutaga mayai kwenye mimea ya kundi hili, kiwavi anakula majani na kuhifadhi sumu yake mwilini, ndege akimwonja anamtema. Jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, halina sumu hiyo, ila limevaa rangi zilezile, na ndege wanaliogopa. Nilikuwa nawaona wote wawili pale korongoni.

Siombi kila kichaka kiachwe. Naomba kabla ya kwanja kupita, mtu anayeijua mimea apite kwanza.

Mama wa watoto watatu:
Ndugu mtoa mada, unaongea vizuri, lakini mimi naishi mita chache kutoka kichaka kama hicho. Usiku kuna vibaka, mchana kuna nyoka. Mwanangu wa pili alirukiwa na utomvu jichoni akicheza, tukakesha hospitali. Huyo kipepeo ni mzuri, nakubali. Jicho la mtoto je?

Bwana misitu mstaafu:
Nawasalimu. Mimea ya kupanda ikizidi huuelemea mti, huunyima mwanga, na mti hukua polepole. Kuikata katika misitu ya mbao ni kazi ya kawaida, nimeifanya miaka mingi. Tena si kila chenye maziwa cha kutetewa. Cryptostegia grandiflora ya Madagaska ilipelekwa Australia kama pambo, leo imefunika kingo za mito huko Queensland. Kwa mibungo tunazo hifadhi za misitu za Pugu, Kazimzumbwi na Pande. Jiji liachwe liwe jiji.

Muuza juisi:
Mimi mabungo naletewa kwa magunia. Wanaoniletea wanasema siku hizi wanakwenda mbali zaidi, na wapo wachumaji wanaokata shina chini ili matunda yashuke kirahisi. Mwakani watakata nini?

Mtoa mada:
Mama, pole sana, na hapo sikubishii. Kama mmea wenyewe ulikuwa na majani mapana ya kijivujivu, basi huenda ni Calotropis procera, na utomvu wake kweli huumiza macho. Karibu na watoto ukatwe, hata mimi nitashika panga. Lakini mbungo usiadhibiwe kwa kosa la ndugu yake.

Mzee wangu, kuhusu Cryptostegia tuko pamoja. Ila msitu wa mbao na hifadhi ya asili ni vitu viwili. Na unaposema tunazo Pugu na Kazimzumbwi, unajua kuliko mimi jinsi wachoma mkaa walivyozikwangua ili sisi huku mjini tupike. Tukizitegemea hizo peke yake, tumeweka mayai yote kwenye kapu lililokwisha toboka. Wenzetu wa Kakamega, Kenya, waliona mukombero, Mondia whitei, ambao nao ni wa familia hii, unang'olewa mizizi msituni. Wakaanza kuupanda mashambani mwao. Mbungo unashindwa nini kupandwa shuleni, penye miembe mikubwa ya kuupandisha?

Dada wa juisi, zile mbegu unazochuja kila siku usizitupe tena. Nina makopo matupu na udongo, na shule ya msingi ya hapa jirani imeshanipa kona nyuma ya madarasa. Niambie saa ngapi unachuja, nije na ndoo.