Besimenti ya nyumba ya zamani: naomba mpangilio wa kazi

Mjenzi_Binafsi: Habari wakuu. Nataka kumalizia mwenyewe besimenti (chumba cha chini ya ardhi) ya nyumba ya miaka ya 1950 iwe chumba cha kukaa. Kuta ni za bloku, sakafu ni zege tupu. Chini ya ukuta mmoja kuna unga mweupe, ila maji hayatuami. Mpango wangu: rangi ya kuzuia maji, fremu za mbao, pamba ya kioo (ya kuhifadhi joto), nailoni, kisha jipsamu. Nimeruka nini?

FundiMsingi: Mkuu, usinunue ubao hata mmoja kwanza. Unga huo ni chumvi: maji yamepita ndani ya bloku, yamekauka usoni, chumvi imebaki. Ukuta unapitisha maji hata kama huoni dimbwi. Ukipaka rangi kwa ndani, maji yataisukuma kutoka nyuma hadi ivimbe na kubanduka.

Anza nje. Zibua mifereji ya paa, peleka maji yake angalau mita 2 kutoka ukutani, na ujaze udongo ili ardhi iteremke sm 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Kazi hii haionekani na mgeni yeyote, lakini mara nyingi ndiyo inayokausha besimenti.

Halafu pima. Bandika kipande cha nailoni cha sm 50 kwa 50 ukutani na kingine sakafuni, ziba kingo zote kwa tepu, acha siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, unyevu unatoka ardhini. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa unaogeuka maji kwenye ukuta baridi. Rudia baada ya mvua kubwa.

Seremala_K: Na hiyo pamba iache kabisa. Hewa ya joto ikipenya hadi kwenye bloku baridi inaacha maji, pamba inalowa, nailoni inazuia isikauke, na ukungu unaota nyuma ya jipsamu usikoweza kuuona.

Bandika kwa gundi bodi za foamu ngumu (XPS) za sm 5 moja kwa moja ukutani. Soma kopo la gundi: yenye viyeyushi inakula foamu. Viungo vizibwe kwa tepu, kingo kwa foamu ya kupuliza. Fremu isimame mbele yake, papi ya chini (ubao wa fremu unaolala sakafuni) ikiwa ya mbao iliyotiwa dawa. Jipsamu ianze sm 1.5 juu ya sakafu, la sivyo itafyonza maji. Usiache foamu wazi, inashika moto haraka.

FundiMsingi: Kwa umri wa nyumba hiyo, vigae vya zamani na vifuniko vya mabomba vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake linadhuru mapafu. Usivivunje wala kuvikwangua kabla sampuli haijapimwa maabara. Pia usichimbe sakafu kuongeza kimo. Ukishuka chini ya kitako cha msingi (zege pana linalobeba ukuta), ukuta unapoteza egemeo.

Mjenzi_Binafsi: Nashukuru sana wakuu. Ukuta wenye unga una ufa wa mlalo katikati, mrefu kama mita 3. Niuzibe kwa simiti?

FundiMsingi: Hapana. Ufa mwembamba wa wima mara nyingi ni wa zege kusinyaa; wa mlalo kwenye bloku ni udongo unaosukuma ukuta kuingia ndani. Egemeza ubao mrefu ulionyooka, pima ukuta umebinuka kiasi gani, na umwite mhandisi wa majengo kabla ya kuufunika kwa chochote.