Paseo de la Reforma: ni lini sanamu zitaguswa na wanaozijua tu?

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu kwa hasira, kwa sababu yale yaliyozipata kazi za sanaa za Paseo de la Reforma, barabara kuu ya jijini Mexico City, yanasimuliwa kana kwamba ni ajali, ilhali kila mara palikuwa na mtu aliyeamua.

Tuanze na El Caballito, sanamu ya Mfalme Carlos IV wa Uhispania juu ya farasi, kazi ya Manuel Tolsá iliyozinduliwa mwaka 1803. Baada ya uhuru wapo waliotaka iyeyushwe, na ikaokolewa kwa ajili ya ustadi wake, wala si kwa mapenzi ya mfalme. Bamba kwenye kitako chake linasema wazi kwamba Mexico inaihifadhi kama kumbukumbu ya sanaa. Kuanzia mwaka 1852 hadi 1979 ilisimama pale barabara hiyo inapoanzia, ndipo ikahamishiwa mbele ya jengo ambalo leo ni Museo Nacional de Arte, jumba la taifa la makumbusho ya sanaa. Mwaka 2013 wakaja watu waliopewa kazi ya kuisafisha, wakaimwagia asidi ya nitriki.

Asidi! Ile rangi ya kijani na kahawia ambayo asiyejua huidhania kuwa uchafu ni utando ambao shaba nyeusi hujijengea yenyewe kwa miaka mingi ya kukutana na hewa na unyevu, na utando huo ndio unaoikinga metali iliyo chini yake. Asidi ya nitriki haichagui: huula utando, kisha huila shaba yenyewe, na kilicholiwa hakirudi. Taasisi ya Taifa ya Anthropolojia na Historia, INAH, ambayo sheria inaipa dhamana ya kutoa kibali cha kazi za namna hiyo, ilieleza kwamba kibali hakikutolewa. Sanamu ilifungwa ndani ya majukwaa ya mafundi hadi mwaka 2017, na wataalamu waliokabidhiwa kuiponya wakalazimika kwanza kushughulikia madhara ya waliowatangulia. Hivi kweli hapakuwa na mtu mmoja wa kuuliza kibali kiko wapi kabla pipa halijafunguliwa?

Haraka hiyohiyo ndiyo iliyotupa Estela de Luz, mnara wa mita 104 ulioko karibu na msitu wa Chapultepec. Shindano lilitaka tao la kuadhimisha miaka 200 ya kuanza kwa vita vya uhuru, ukashinda mnara. Ulitakiwa kuwa tayari Septemba 2010, ukazinduliwa Januari 2012, na gharama ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu. Mnara wenyewe siuchukii, maana paneli zake za kwatsi zikiwaka usiku zinapendeza. Ninachokichukia ni kuona sherehe ikipangiwa tarehe kabla wahandisi hawajamaliza hesabu zao.

Na asiniambie mtu kwamba jiji hilo halina uwezo. Tetemeko la Julai 1957 liliporusha chini sanamu ya Malaika wa Uhuru, aliyesimama kwenye nguzo yake tangu mwaka 1910, sanamu hiyo iliundwa upya na kurudishwa juu Septemba 1958. Ardhi ya jiji, ambayo zamani ilikuwa ziwa, ilipozidi kudidimia kuizunguka nguzo hiyo, watu hawakuiacha ining'inie, bali waliongeza ngazi 14 chini yake. Hiyo ni kazi ya watu waliojifunza jengo kwanza, kisha wakaligusa.

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya kazi yoyote, kibali cha INAH kibandikwe penye sanamu husika, pamoja na jina la mtaalamu anayewajibika, orodha ya kemikali zitakazotumika na matokeo ya majaribio kwenye sehemu ndogo isiyoonekana. Bila karatasi hiyo, fundi ashuke jukwaani, hata kama mkataba umekwisha kusainiwa.